A Toa B Juu ya B

Mwalimu wa hesabu ndiye aliyegundua, na aligundua akiwa amekasirika. Alikuwa amemwita binti mmoja ubaoni, kidato cha mwisho, mchana wa joto, darasa zima limesinzia. Binti aliandika mstari wa kwanza wa jibu vizuri kabisa, kisha akaandika mstari wa pili juu ya ule ule wa kwanza, herufi zikapandana mpaka ubao ukawa kama umeparurwa na kuku. Darasa likaamka kwa kicheko. Mwalimu akadhani anafanyiwa mzaha.

"Futi, unanichezea?"

"Hapana, Madamu."

"Basi soma ulichoandika."

Binti alisoma jibu lote bila kukosea hata alama moja. Ila alilisoma uso ukiwa umeelekea dirishani. Hapo hasira ikamwisha mwalimu, na baridi ikaingia mahali pake.

Futi halikuwa jina lake. Walimwita hivyo kwa urefu wake, na kwa sababu alikulia kwenye karakana ya baba yake, fundi wa kuchomelea milango na madirisha ya chuma, ambako alichezea futi ya kupimia kama wenzake walivyochezea wanasesere. Alipima kila kitu: meza, paka, hata shangazi yake akiwa amelala. Huyo shangazi, dada yake baba, ndiye aliyemlea baada ya mama kufariki. Mwanamke wa maneno mengi na mikono isiyojua kutulia. Kwa Futi hesabu zilikuwa mchezo muda mrefu kabla hazijawa somo.

Baada ya kipindi mwalimu alimbakiza.

"Tangu lini?"

Futi alijifanya haelewi, halafu akaona haina maana. "Tangu mwaka jana, Madamu. Katikati pamekuwa kama moshi. Nikikuangalia wewe, uso siuoni. Naona masikio."

"Masikio tu?"

"Na hereni."

Mwalimu aliweka chaki chini. "Sasa mitihani yote hii umeifanyaje?"

"Nasikiliza. Wewe ukiandika ubaoni unaongea. Ukiongea, na mimi naandika kichwani."

Siku zilizofuata zilikuwa za hospitali. Baba alifunga karakana akampeleka mwenyewe, akiwa amevaa shati lake la harusi za watu. Daktari wa macho alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulioanza kuwatisha. Alimulika, akamulika tena, akaita mwenzake naye akamulika. Mwisho akavuta kiti akakaa karibu nao. Akasema sehemu ya ndani ya jicho, ile inayopokea picha, inakufa kidogo kidogo. Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, unakaa kwenye damu ya ukoo, unangoja. Miwani haisaidii. Upasuaji haupo. Utaendelea.

"Utaendelea mpaka wapi?" baba aliuliza.

Daktari aliweka tochi yake magotini. "Mpaka utakapofika, mzee wangu."

"Ni moto wangu," baba akasema. "Alikuwa akikaa pale nikichomelea. Nilimwambia asiangalie, lakini mtoto ni mtoto."

"Siyo moto wako. Nakuapia siyo."

Baba aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Waliporudi nyumbani, kabla hata hajavua lile shati, alitundika turubai nene kati ya karakana na nyumba, na tangu siku hiyo hakuchomelea chochote bila kwanza kuuliza kwa sauti, "Mtoto yuko wapi?" Shangazi alimwambia sasa hivi ni kufunga zizi la ng'ombe aliyekwisha potea. Kisha akajisikia vibaya kwa maneno yake, akaenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Shuleni, mkuu wa shule alishauri binti apumzike. Alilitamka neno hilo vizuri sana, kama vile kupumzika ni zawadi. Mwalimu wa hesabu alikaa mbele ya meza yake akiwa amekumbatia mkoba.

"Apumzike afanye nini?"

"Madamu, wewe unajua. Mtihani wa mwisho ni karatasi na kalamu. Atafanyaje?"

"Ataongea. Mtu mwingine ataandika."

Jambo hilo lilikuwepo kwenye kanuni, ingawa hakuna aliyewahi kulitumia pale. Mwalimu aliomba, akajibiwa kwamba ombi limepokelewa. Akaomba tena, akaenda ofisi ya mitihani mwenyewe, akakaa kwenye benchi mpaka watu wa mapokezi wakamzoea wakaanza kumsalimia kama mtumishi mwenzao. Hatimaye kibali kikatoka. Mtahiniwa atasomewa maswali, na mwandishi atamwandikia anachosema, neno kwa neno. Lakini kulikuwa na masharti. Mwandishi asiwe mwalimu. Asiwe mtu aliyesomea hesabu, ili asije akamsaidia. Asikutane na mtahiniwa wala mwalimu wake kabla ya siku ya mtihani. Asiulize, asishauri, asisahihishe.

"Yaani wanataka mtu asiyejua kitu," alisema Futi.

"Wanataka mtu mwaminifu," alijibu mwalimu.

"Kwao ni kitu kimoja?"

Mwalimu alikunja kibali akakitia mkobani.

Ikawa kila jioni baada ya masomo mwalimu anapitia nyumbani kwao. Walikaa chumba cha mbele, Futi kwenye kochi lililobonyea, mwalimu kwenye kigoda, shangazi akiingia na kutoka na chai ambayo hakuna aliyeiomba. Michoro waliiacha. Grafu waliiacha. Maumbo, pembe, duara, vyote vile wakavikata kwa mstari, na kila walipoacha kitu walijua wameacha alama zake. Zilizobaki ni hesabu za herufi na uthibitisho. Huko ndiko Futi angesimama au kuanguka.

Uthibitisho mmoja ulimpendeza kuliko yote. Mwalimu aliusema hivi: kuna namba nne, a, b, c na d, zote ni kubwa kuliko sifuri. Uwiano wa a kwa b ni sawasawa na uwiano wa c kwa d. Na a ni kubwa kuliko wenzake wote. Thibitisha kwamba a ukijumlisha na d unapata zaidi ya b ukijumlisha na c.

"Ya kwanza na ya mwisho zinashinda mbili za katikati," Futi alisema.

"Kifungua mimba na kitinda mimba dhidi ya wale wa kati."

"Na wale wa kati ndio wanaoosha vyombo," shangazi alidakia kutoka jikoni. Yeye alikuwa wa kati.

Futi alitaka kwanza kuishika. Basi baba akaombwa akate nondo nne: moja ya sentimita sitini, moja ya thelathini, moja ya ishirini, na moja ya kumi. Aliziingiza ndani akiwa amezipiga msasa ncha zote ili zisimkwaruze binti. Futi akazipanga sakafuni kwa vidole. Sitini ni mara mbili ya thelathini. Ishirini ni mara mbili ya kumi. Uwiano ni ule ule. Akaunga ndefu na fupi, akaunga zile mbili za kati kandokando yake, akapapasa ncha. Ndefu na fupi zilipita mbali.

Baba alisimama mlangoni akijifuta jasho. "Sasa imeonekana. Ubishi uko wapi tena?"

"Ubishi, mzee, ni kwamba lazima iwe kweli kwa nondo zote," mwalimu alisema. "Hata ambazo hujazikata."

"Hata za kesho?"

"Hata za kesho."

Baba alifikiri. "Hicho sasa ni kitu kikubwa," akasema, akarudi kazini taratibu.

Njia ya kuthibitisha Futi aliitafuta mwenyewe. Mwalimu alikataa kumpa. Siku nzima binti alizunguka ndani akinong'ona, akigonga magoti kwenye meza, mpaka shangazi akatishia kumfunga kamba. Mwalimu alipofika jioni, alimkuta amesimama katikati ya chumba.

"Ondoa moja, Madamu."

"Niondoe moja wapi?"

"Kila upande. a juu ya b ni sawa na c juu ya d. Sasa kila upande toa moja. Unapata a toa b, juu ya b, ni sawa na c toa d, juu ya d."

Walizoea kusema "juu ya" kwa kugawanya, kwa kuwa ukiandika, namba moja inakaa juu, mstari katikati, nyingine chini. Mwalimu aliandika kwenye karatasi iliyokuwa gotini: a toa b, vyote viwili juu, mstari mrefu, b chini. Hakufikiria jinsi anavyoandika. Mkono uliufuata ule mfumo wa kichwa chake wenyewe.

"Endelea."

"a ni kubwa kuliko b, kwa hiyo c naye lazima awe mkubwa kuliko d, maana uwiano ni mmoja. Na a ni kubwa kuliko c, kwa hiyo b ni kubwa kuliko d. Sasa angalia. Vilivyobaki juu, a toa b na c toa d, vina uwiano ule ule na vya chini, b na d. Mwenye chini kikubwa ndiye mwenye juu kikubwa. Basi a toa b ni kubwa kuliko c toa d. Rudisha b na d pande zote mbili..." Alinyoosha mikono kama mtu anayefungua mlango. "a na d wameshinda."

Mwalimu alimkumbatia. Shangazi aliyekuwa mlangoni hakuelewa hata neno moja, akapiga kigelegele.

Kisha wakafanya mazoezi ya kuusema. Walijua hatari iko kwenye masikio ya mwandishi, wakaiwinda kila pembe. Herufi b waliita "bi", na d "di", zikasikika kama mapacha. Wakakubaliana Futi atasema "bi ya baba" na "di ya dada". Herufi c waliita "si", na ndiyo iliyowachekesha zaidi.

"Nikisema 'si kubwa kuliko di', ataandika siyo kubwa!"

"Ataandika kinyume cha kila kitu. Utafeli kwa sababu ya kukanusha."

Walicheka mpaka Futi akapaliwa na chai. Basi c ikawa "si, ile herufi". Walifunga tundu hilo, wakafunga na mengine. Mwalimu aliandika alichosikia, akasoma alichoandika, na kila mara kilikuwa sahihi. Mara zote kilikuwa sahihi, maana aliyeandika alikuwa yeye.

Miezi ile moshi ulipanuka. Futi aliacha kuziona hereni. Akaacha kuona mlango ulipo, akaanza kuutafuta kwa mkono. Hakulalamika, ila aliacha kusema "tutaonana" akiaga, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini.

Siku ya mtihani walimpa chumba cha peke yake, stoo ya vitabu iliyofagiliwa, meza moja na viti vitatu. Msimamizi alikaa nyuma. Mwandishi alikuwa mama wa makamo, karani wa ofisi ya viwanja, sauti yake ina kikohozi kidogo cha haya. Alimshika Futi mkono akamkalisha.

"Usiogope, mwanangu. Mimi nitaandika kila utakachosema. Mwandiko wangu wanausifu."

Alikuwa mwema kweli. Alisoma maswali polepole, akarudia bila kuombwa. Palipokuwa na mchoro alisema kwa huzuni, "Hapa kuna picha, mwanangu, nami sijui niisemeje," na msimamizi akakohoa nyuma, naye akanyamaza. Futi alisema, "Tuliache hilo, mama." Waliyaacha mengi namna hiyo.

Halafu likaja lenyewe, karibu neno kwa neno: namba nne, uwiano sawa, a kubwa kuliko zote. Futi alihisi kitu kinafunguka kifuani. Alikaa wima akaanza kusema, akipumzika kila baada ya kituo, bi ya baba, di ya dada, si ile herufi. Alisikia kalamu ikimfuata, laini, bila kusita. Alipomaliza akaomba asomewe.

Mama akasoma. "Toa moja kila upande. a toa b juu ya b ni sawa na c toa d juu ya d." Akasoma mpaka mwisho. Kila neno lilikuwa mahali pake.

"Ndivyo, mwanangu?"

"Ndivyo hasa, mama."

Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kwao palikuwa na kelele za furaha. Baba alitaka kusikia swali lote upya, akauliza kama walitaja nondo. Mwalimu alipoambiwa kwamba binti alisomewa jibu lake na lilikuwa kamili, alikaa chini akajipepea na mkoba. Alipiga hesabu kichwani: michoro imekwenda, grafu zimekwenda, lakini kwa uthibitisho ule na zile hesabu za herufi, anavuka. Kwa shida, lakini anavuka. Kilikuwepo chuo cha ualimu kilichokuwa tayari kumpokea akivuka. Walikuwa wamesema.

Matokeo yalitoka. Hakuvuka.

Mwalimu hakuamini. Alirudi kwenye lile benchi la ofisi ya mitihani, safari hii hakuna aliyemsalimia kwa utani. Kwa bahati, au kwa kuchoka kumwona, walimruhusu aione karatasi mbele ya ofisa. Ofisa alikuwa mwanamume wa miwani, mtu wa hesabu naye, aliyewahi kufundisha. Akaifungua karatasi mezani.

Mwandiko ulikuwa mzuri kama wa mwaliko wa harusi. Kila herufi imesimama. Na pale palipokuwa na moyo wa jibu, mwandishi alikuwa ameandika kama alivyosikia, kutoka kushoto kwenda kulia: kwanza a, kisha alama ya kutoa, kisha b iliyokaa juu ya b nyingine, na kimstari kifupi katikati yao. Hizo b mbili peke yake. Ile a ilikuwa imesimama kando, haina chochote chini yake. Na upande wa pili hivyo hivyo: c, alama ya kutoa, d juu ya d. Mstari wa kugawanya, badala ya kubeba vyote viwili, ulibeba cha mwisho tu. Na hesabu nyingine zote za herufi zenye "juu ya" zilikuwa zimeandikwa kwa upuuzi huo huo. Kwa kalamu nyekundu msahihishaji alikuwa ameandika pembeni: "b juu ya b ni moja. Mtahiniwa hajui hata hili." Na sifuri.

Mwalimu aliinama akasoma kwa sauti ya chini. "a toa b juu ya b." Akasoma tena. Ilikuwa sahihi masikioni na mbovu machoni, na yule pekee aliyehitaji kuiona hakuwa na macho. Akakumbuka jioni zote zile, kigoda, karatasi gotini, jinsi mkono wake ulivyochora mstari mrefu bila kuambiwa. Hawakuwahi kuusema ule mstari. Hata mara moja.

"Unaona kilichotokea?" alimuuliza ofisa.

Ofisa alivua miwani. "Naona, dada yangu. Naona kabisa kwamba binti alijua."

"Basi?"

"Basi tunasahihisha kilichoandikwa."

"Hakuandika yeye."

"Karatasi ina namba yake." Alisema kwa sauti ya mtu asiyefurahia anachosema. "Nikianza kusahihisha walichokusudia watu, nitaishia wapi? Kila mmoja alikusudia kupata."

"Wewe umefundisha. Ungekuwa wewe darasani?"

"Ningekuwa mimi darasani ningempa zote." Akavaa miwani, akaifunga karatasi. "Siko darasani."

Njiani kurudi, mwalimu alipanga uongo. Angesema swali la pili lilikwenda kombo, au kwamba michoro ilikuwa mingi mno. Alipofika, Futi alikuwa nje ya turubai, amekaa kwenye kipande cha mbao, baba yake ndani amezima mashine.

"Nilikosea wapi, Madamu?"

Uongo haukutoka. "Hukukosea."

Akamweleza. Alichukua kidole cha binti akakiburuza kwenye vumbi: a hapa, b hapa, na mstari ulivyopaswa kupita, na mstari ulivyopita. Futi aliacha kidole pale pale kwenye vumbi.

"Bora ningekosea," alisema mwishowe.

"Usiseme hivyo."

"Ningekosea, ningejua cha kurekebisha." Hakulia. Ingekuwa nafuu kama angelia. "Kumbe mimi nilisema, na yeye akaandika, na wote wawili hatukukosea. Sasa mtu anaanzia wapi?"

Baba alitoka nyuma ya turubai. Alikuwa amesikia. Alimtazama mwalimu kwa macho mekundu ya kazi, akauliza kama yupo mtu wa kumwendea, mtu wa juu zaidi. Mwalimu akasema yupo. Akaandika malalamiko, akajibiwa kwamba yamepokelewa. Akaomba mwandishi wa mwaka unaofuata awe anayejua hesabu. Akajibiwa kwa kunakiliwa kifungu kile kile cha kanuni. Kisha akahamishiwa shule nyingine, mbali, katikati ya muhula. Alikuja kuaga akiwa na mpango mzima wa mazoezi mapya, namna ya kusema mabano, namna ya kusema mstari. Futi alimsikiliza mpaka mwisho kwa adabu.

"Madamu, nimechoka," akasema.

Mwalimu alishika mikono yake miwili. Akabaki ameishika tu mpaka shangazi alipoleta chai.

Mwaka uliofuata Futi hakujiandikisha. Alimsaidia shangazi kukunja na kupanga nguo za watu walizofua. Mikono yake ilikuwa hodari, mashuka yalitoka pembe kwa pembe. Baba alipokea kazi chache zaidi, na mara nyingine alikaa nyuma ya turubai bila kuchomelea chochote. Nyumba ilikuwa na amani ya mahali ambapo hakuna anayengoja kitu.

Siku moja shangazi alimpeleka kliniki, kwa ile miadi ambayo daktari mpole aliendelea kuwapa bila kuwaahidi lolote. Walikuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa, Futi ameshika kiwiko cha shangazi, mara akasikia kikohozi kidogo cha haya.

"Mwanangu! Si wewe? Wa hesabu!"

Mkono wenye joto ukaushika wake. Shangazi aliuliza huyu ni nani, na Futi akamwambia, "Ndiye mama aliyeniandikia." Akahisi kiwiko cha shangazi kinakuwa kigumu kama ubao.

"Nimekuwaza sana," mama alisema. "Kila nikikaa nakuwaza. Ulivyokuwa ukiyasema yale mambo, yalitiririka tu, wala hukutafuta neno. Nilirudi nyumbani nikawaambia wanangu, nyie mna macho mazima na hamfanyi kitu. Ulifaulu?"

Shangazi akavuta pumzi ya kuanza. Futi akambana kiwiko.

"Nilifaulu, mama. Asante."

"Nilijua! Si nilikuambia?" Mama alimpigapiga mkono. "Basi mwaka huu wamenipa tena. Watoto wawili. Wamesema mwandiko wangu hauna mfano."

Foleni ilisogea. Watu wa nyuma walisukuma, na wao watatu wakasogea pamoja. Kisha Futi akasema, akichagua kila neno, "Mama, kuna kitu kimoja. Hao watoto wakisema 'juu ya', waulize: ni vyote vilivyotangulia, au ni cha mwisho tu?"

"Juu ya?"

"Ndiyo. Wakisema kitu toa kitu juu ya kitu. Waulize mstari unaanzia wapi."

"Haturuhusiwi kuuliza, mwanangu. Tunaapishwa." Kikohozi kikaja, kikarudi. "Kwani mimi... ile siku yako, niliandika vibaya?"

"Hapana, mama. Uliandika vizuri. Wote waliusifu mwandiko wako."

Wakafika dirishani. Mama aliitwa kwanza, akachukua dawa zake, akammwagia Futi baraka nyingi, akaondoka taratibu kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Shangazi alianza mara tu walipotoka nje kwenye jua.

"Kwa nini umemwambia vile? Ningemmeza mzima mzima."

"Ndiyo maana."

"Na hao watoto wake wawili je?"

Futi alitafuta ngazi kwa ncha ya kiatu, akaipata, akashuka, shangazi akiwa kando yake, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, shangazi hakuwa na la kuongeza.